Mpime Kwanza: Vifaa Vinavyomsaidia Mzee na Mtu Mwenye Ulemavu Kujitegemea



Leo tutazungumza juu ya fimbo, magongo, viti vya magurudumu, miwani na vitu vingine vinavyomwezesha mtu kufanya mwenyewe kazi ambayo mwili wake umeanza kuikataa. Kabla ya kuanza, naomba nikiri kosa langu, ili wewe usilirudie.

Bibi yangu mzaa mama anaishi peke yake katika kaya yake, mbali na zoni ninayokaa mimi. Goti lake la kulia lilianza kuuma, likavimba, akawa hawezi kutembea mwendo mrefu. Mimi nilijiona ninajua mambo. Niliomba mti ulionyooka kwa jirani aliyekuwa anajenga, nikaumenya maganda, nikampelekea bibi awe na fimbo. Ilikuwa ndefu, ikimfika karibu na kwapa. Nilifikiri ndefu ndiyo imara. Nikamwambia aishike kwa mkono wa kulia, upande ule ule wa goti bovu. Sikumpima, wala sikumwuliza.

Wiki ya pili mvua ilinyesha usiku. Bibi akatoka kwenda chooni. Fimbo ile haikuwa na raba chini, ikateleza kwenye matope. Kwa kuwa ilikuwa ndefu, mkono wake ulikuwa juu, akakosa nguvu ya kujizuia. Alianguka na kuvunjika kifundo cha mkono wa kulia.

Tangu siku ile kadi yake ya posho ikawa inabebwa na mtu mwingine. Mtu huyo alijilipa mwenyewe: kopo mbili za unga na kopo moja ya maharage kila mgao. Bibi hakusema kitu kwa miezi mitatu. Nilipogundua na kutaka kwenda kugomba, alinishika nguo akaniambia: "Mjukuu wangu, nikigombana naye, mgao ujao nani atanibebea?"

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoelewa. Mtu asiyeweza kwenda mwenyewe hukosa mengi zaidi ya mwendo. Hukosa sehemu ya chakula chake, hukosa siri yake, na hukosa nafasi ya kusema hapana. Na mara nyingine kinachohitajika kumrudishia hayo yote ni mti uliokatwa kwa kipimo chake, na kipande cha raba.

KIFAA KISAIDIZI NI NINI?

Kifaa kisaidizi ni kitu chochote kinachomsaidia mtu kutembea, kuona, kusikia, kuzungumza, kukumbuka au kujihudumia pale ambapo mwili hauwezi peke yake. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya vifaa 50 ambavyo kila nchi inapaswa kuvipa kipaumbele. Ndani yake kuna viti vya magurudumu, miguu ya bandia na vifaa vya kusikia. Pia kuna vitu vidogo ambavyo wengi hatuvihesabu, kama fimbo ya kutembelea, miwani ya kusomea, kiti cha choo na upao wa kushikia.

Mwaka 2022 shirika hilo pamoja na UNICEF walitoa taarifa kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa kimoja cha namna hii. Katika baadhi ya nchi maskini, kati ya watu 100 wanaohitaji, watu 3 tu ndio wanaokipata. Kwa hiyo bibi yako aliyeketi mlangoni siku nzima hayuko peke yake, wala hakulogwa. Amekosa kifaa.

WAKIMBIZI WALITANGULIA

Usidhani kwamba vifaa hivi ni mambo ya miji mikubwa tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakimbizi wa Kambodia walikuwa wanaishi katika makambi ya mpakani, ndani ya Thailand. Wengi walikatika miguu kwa mabomu ya kutegwa ardhini. Madaktari vijana kutoka Ufaransa waliofanya kazi huko walianza, pamoja na wakimbizi wenyewe, kutengeneza miguu ya bandia kwa mianzi, mbao, ngozi na mpira wa matairi. Kutokana na kazi hiyo lilianzishwa mwaka 1982 shirika la Handicap International, ambalo leo linafanya kazi katika nchi nyingi. Chanzo chake kilikuwa kambi kama hii yetu, na vifaa vilivyopatikana hapo hapo.

Huko Jaipur, India, mwaka 1968 fundi Ram Chandra Sharma na daktari P. K. Sethi walitengeneza mguu wa bandia wa mpira. Miguu ya bandia iliyotoka Ulaya wakati huo ilihitaji kiatu, na haikumruhusu mtu kuchuchumaa. Lakini mkulima wa India huingia shambani peku, huketi chini, na huchuchumaa chooni. Mguu wa Jaipur ulitengenezwa ili ayaweze hayo yote.

Naye Ralf Hotchkiss, Mmarekani aliyepooza kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966, aliona kwamba viti vya hospitali havifai kwenye barabara za vumbi na mawe. Vina magurudumu madogo sana mbele, hukwama kwenye kila shimo, na mtu hupinduka kifudifudi. Yeye na wenzake waliunda viti vyenye umbo refu zaidi na magurudumu mapana ya mbele, ambavyo fundi wa baiskeli wa kawaida anaweza kuvitengeneza. Shirika lao, Whirlwind, lilianza mwaka 1989.

Na ndugu zetu waliotoka Kinshasa wanajua habari za baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Wanamuziki wa Staff Benda Bilili, wengi wao wakiwa wamepooza kwa polio, walizitumia mitaani, na mwaka 2009 santuri yao ya "Très Très Fort" ilisikika hata Ulaya.

Katika habari hizi zote, waliofaulu walimtazama kwanza mtu, wakatazama mahali anapoishi, kisha wakachonga kifaa. Sisi pia tufanye hivyo.

FIMBO YA KUTEMBELEA

Fimbo humfaa mtu ambaye mguu mmoja unauma au una udhaifu, au mzee anayeyumba kidogo. Fuata hatua hizi:

1. Mwambie asimame wima, avae viatu au ndala anazotumia kila siku. Mikono ining'inie pembeni.

2. Tazama mkunjo wa kifundo cha mkono, pale unapofunga saa. Kichwa cha fimbo kiishie hapo. Akishika fimbo, kiwiko kijikunje kidogo tu.

3. Fimbo ishikwe kwa mkono wa upande MZIMA. Goti la kulia likiwa bovu, fimbo iwe mkono wa kushoto. Wengi tunakosea hapa. Fimbo na mguu mbovu vinakwenda mbele pamoja, kisha mguu mzima unafuata. Hivyo uzito unagawanyika kati ya mkono na mguu.

4. Weka raba chini. Kipande cha tairi kuukuu kinafaa. Kifunge kwa ukanda wa tyubu, au kipigilie msumari ulioingia ndani kabisa, maana kichwa cha msumari kikitokeza hugusa jiwe na kuteleza. Raba ikiisha, badilisha siku hiyo hiyo.

Akipanda ngazi au tuta, mguu mzima utangulie. Akishuka, fimbo na mguu mbovu vitangulie. Sisi huwafundisha wazee hivi: mzima hupanda kwanza, mgonjwa hushuka kwanza.

MAGONGO YA KWAPANI

Magongo ni kwa mtu ambaye mguu mmoja haupaswi kukanyaga kabisa, au miguu yote ni dhaifu lakini mikono ina nguvu. Yapimwe hivi: mtu akiwa amesimama wima, sehemu ya juu ya gongo iwe chini ya kwapa kwa upana wa vidole viwili au vitatu. Pa kushikia pawe sawa na kifundo cha mkono.

TAHADHARI: Uzito ubebwe na viganja. Mtu asijitundike kwa makwapa. Ndani ya kwapa hupita mishipa ya fahamu inayoongoza mkono. Ikigandamizwa kila siku, vidole huanza kufa ganzi na mkono hulegea. Ukimwona mtu anategemea kwapa na anasema mkono unawaka au umekufa ganzi, magongo yake ni marefu mno au hakufundishwa. Mpeleke kituo cha afya mapema.

Magongo ya mtoto yapimwe upya kila baada ya miezi michache, kwa sababu mtoto anakua. Gongo halikui.

KITI CHA MAGURUDUMU

Kiti ndicho kifaa ambacho watu hufurahi sana kukipokea, na ndicho kinachoweza kudhuru sana kikitolewa bila kupima. Tazama mambo manne:

1. Upana. Kiti kienee nyonga, ibaki nafasi ndogo tu kila upande. Kiti kipana humfanya mtu aegemee upande mmoja, na mgongo hupinda, hasa wa mtoto.

2. Kina. Akiketi hadi nyuma, kati ya ukingo wa kiti na mkunjo wa goti pabaki nafasi ya vidole viwili au zaidi kidogo.

3. Pa kuwekea miguu. Nyayo zikanyage vizuri, na mapaja yalale yote juu ya mto. Pakiwa juu mno, uzito wote hurudi kwenye makalio. Pakiwa chini mno, miguu huning'inia.

4. Mto. Kiti bila mto ni hatari kwa mtu asiyehisi makalio yake, kama aliyeumia uti wa mgongo.

Hili la mto tulizungumze kwa makini, maana linaua. Mtu mzima wa afya akikaa muda mrefu husikia maumivu, akajigeuza bila kufikiri. Mtu asiyehisi hajigeuzi. Damu haifiki kwenye nyama iliyobanwa kati ya mfupa na kiti, na nyama hiyo huoza kutoka ndani. Hutokea kidonda cha mgandamizo, ambacho wengine hukiita kidonda cha kulalia. Kinaweza kufika mfupani, na uchafu wake ukaingia kwenye damu.

Kinga yake haina gharama. Kila nusu saa, au kabla ya hapo, mtu ainame mbele hadi kifua kikaribie magoti, au aegemee upande wa kulia kwa muda, kisha wa kushoto. Asiyeweza, msaidie. Kila jioni ngozi yake itazamwe kwenye makalio, nyonga, visigino na vifundo vya miguu, na mtu anayemwamini. Ukiona alama nyekundu, au kwenye ngozi nyeusi sehemu iliyobadilika rangi, yenye joto au ngumu, na haiondoki, asikalie sehemu hiyo tena mpaka ipone. Usisugue, wala usipake dawa za kienyeji. Kama ngozi imechubuka, nenda kituo cha afya siku hiyo.

KUONA

Watu wengi wakifika miaka arobaini na kitu huanza kusogeza karatasi mbali ili waisome. Hawawezi kutunga uzi kwenye sindano, wala kuokota mawe kwenye mchele. Huo si ugonjwa. Ni jicho linalozeeka, na miwani ya kusomea hulisaidia. Mama aliyekuwa fundi cherehani akipata miwani hii hurudia kazi yake.

Lakini miwani haitibu kila kitu. Mzee ambaye mboni yake imeingia weupe, anaona kama ukungu na mwanga unamsumbua, huenda ana mtoto wa jicho. Huyo anahitaji upasuaji, na wengi huona tena baada yake. Usimnunulie miwani sokoni ukamwambia avumilie. Mpeleke apimwe macho.

Kwa asiyeona kabisa, fimbo nyeupe humfungulia njia. Fimbo hii ni tofauti na ile ya kuegemea: ni nyembamba, nyepesi na ndefu, ikisimama hufika mfupa wa kifuani. Mwenye nayo huipitisha kulia na kushoto mbele yake, upana wa mabega, ikigusa ardhi upande wa pili wa mguu unaokwenda mbele. Hivyo huhisi shimo na mfereji kabla ya kuvifikia. Ukiiona, usimshike mkono na kumvuta. Msalimu, taja jina lako, muulize kama anataka msaada. Akitaka, yeye ndiye akushike wewe kiwiko.

KUSIKIA

Mzee anayejibu mambo usiyomuuliza mara nyingi hana kiburi wala hajapoteza akili. Hasikii. Kwanza apimwe masikio kituo cha afya, maana huenda ni nta iliyojaa tu. Usiingize kijiti wala unyoya.

Wapo wanaosaidiwa na kifaa cha kusikia, yaani shimesikio, kinachokuza sauti. Nacho hurekebishwa kwa sikio la mwenyewe, kwa hiyo usiazime cha mwingine. Shida yake kubwa ni betri. Kijijini Otse, Botswana, mradi uitwao Godisa, ambao mafundi wake wengi walikuwa viziwi, uliunda chaja ya mwanga wa jua kwa ajili ya betri hizo. Hata pale ambapo kifaa hakijapatikana, unaweza kusaidia: simama mbele yake penye mwanga, aone midomo yako, sema polepole bila kupiga kelele, na punguza sauti ya redio.

CHOO NA NYUMBA

Ndugu msomaji, mzee akiacha kunywa maji mchana, usifikiri hana kiu. Wengi hufanya hivyo ili wasihangaike kwenda chooni usiku. Matokeo yake ni kizunguzungu, mkojo unaochoma, na kuanguka. Kwa hiyo tengeneza choo kwanza, ndipo umhimize kunywa maji.

1. Kiti cha choo. Chukua kiti imara cha mbao, au mwombe seremala atengeneze kigoda chenye miguu minne. Kata tundu katikati, lainisha kingo, kiweke juu ya tundu la choo. Urefu wake upimwe kwa mwenyewe: akiketi, nyayo zote mbili zikanyage chini. Kioshwe kila siku.

2. Upao wa kushikia. Simika nguzo mbili kando ya choo na mti wa kulala juu yake, kwa urefu wa nyonga yake. Uvute kwa nguvu zako zote kabla hajautumia. Ukitikisika, chimbia zaidi.

3. Kamba ya njia. Kwa asiyeona, au mzee anayetoka gizani, funga kamba kutoka mlangoni hadi chooni, ifike kiunoni mwake. Ataifuata kwa mkono. Waonye watoto wasiifungue kuchezea, na usianike nguo juu yake.

4. Mteremko. Kizingiti kikiondolewa au kikifukiwa, kiti hupita. Kwa kila sentimita 1 ya kwenda juu, mteremko uwe na urefu wa sentimita 12. Kizingiti cha sentimita 10 kinahitaji mteremko wa sentimita 120. Ukiwa mkali zaidi, kiti hurudi nyuma na kumpindua mtu. Pima pia upana wa mlango, ukikumbuka mikono ya anayesukuma magurudumu.

5. Jikoni. Aliyepooza upande mmoja anaweza kupika. Zungushia mpini wa kijiko ukanda wa tyubu uwe mnene, ashike kwa urahisi. Chini ya sufuria ya ugali weka fremu ya mti inayoizuia isizunguke anaposonga kwa mkono mmoja. Meza fupi ya udongo humwondolea kuinama, na moto hubaki mbali na nguo zake.

KITUNZE KIFAA

Kifaa kilichoharibika huangusha. Mara moja kwa wiki futa vumbi na matope kwenye kiti, pampu magurudumu, kaza nati, tazama kama spoki imekatika. Tia mafuta au grisi kidogo kwenye ekseli. Usikiache juani wala mvuani. Kiti hakibebi magunia ya mahindi wala mitungi ya maji, kwani fremu hupinda na mwenyewe hubaki ndani. Pancha ya kiti huzibwa na fundi baiskeli yeyote wa soko letu, kwa hiyo mjulishe fundi wa jirani kabla siku ya shida haijafika.

Na jambo jingine: kifaa cha mtu ni sehemu ya mwili wake. Mtoto asikichezee, mgeni asikikalie. Mwenyewe akifariki, usikigawe kwa jirani kama nguo. Kirudishe kwa wahudumu ili kitengenezwe na kupimwa kwa mwingine.

NI HAKI, SI HURUMA

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa tarehe 13 Desemba 2006. Tanzania iliuridhia mwaka 2009, Burundi mwaka 2014, na Kongo ilijiunga nao mwaka 2015. Kifungu cha 20 kinazungumza juu ya mtu kwenda atakako kwa uhuru kadiri iwezekanavyo, pamoja na kupata vifaa kwa bei anayoimudu. Kifungu cha 11 kinataka watu wenye ulemavu walindwe wakati wa vita na majanga. Kwa hiyo ukiomba kupimwa hujadeka wala hujaombaomba.

Kumbuka pia kwamba misaada haiuzwi. Mtu yeyote akikudai fedha, chakula au jambo jingine lolote ili akuandikishe au akupe kifaa, toa taarifa.

WEWE UFANYE NINI?

Leo jioni, tazama nyumbani kwako na kwa majirani. Kuna nani haonekani siku hizi kwenye ibada, bombani au kwenye mgao? Nenda ukamsalimu. Kisha muulize maswali haya, yeye mwenyewe, usimuulize anayemtunza:

Ni jambo gani ungependa kulifanya mwenyewe tena?
Ni nini kinachokuzuia, ni maumivu, woga wa kuanguka, macho au njia?
Usiku unakwendaje chooni?
Una kifaa? Kinakuumiza wapi?
Nani anabeba kadi yako, na umeridhika naye?

Swali la mwisho uliulize mkiwa wawili tu. Kisha mpelekee habari mhamasishaji wa zoni yako au mhudumu wa kituo cha afya. Mwenye maumivu mapya, mguu uliolegea ghafla au kuanguka mara kwa mara apimwe na mganga kwanza, maana fimbo haitibu ugonjwa.

Kuhusu bibi yangu: mkono ulipopona nilirudi kwake, nikiwa na mwenzangu aliyefundishwa kazi ya mazoezi ya viungo. Safari hii tulianza kwa kumwuliza. Mimi nilidhani atasema anataka kwenda kanisani. Alisema anataka kwenda chooni bila kumwamsha jirani, na kwenda kwenye mgao aone kopo inavyojazwa. Tulimpima fimbo, ikaishia kwenye kifundo cha mkono, na raba ya tairi chini. Seremala wa kijijini kwao alitengeneza kiti cha choo kwa nusu siku. Tulimfundisha kutembea kwa mkono wa kushoto, siku tisa, asubuhi na jioni.

Sasa siku ya mgao anatoka mapema kabla jua halijawa kali. Anapumzika mara tatu njiani. Gunia bado hawezi kulibeba, na kijana wa jirani humbebea hadi nyumbani. Lakini kadi iko kwenye kitambaa chake kiunoni, unga unapimwa yeye akiwa anatazama, na anapofika nyumbani ni yeye anayeamua kijana yule apewe kopo ngapi. Mgao uliopita alimpa moja. Aliniambia kijana alishukuru, na hakuna aliyegombana.

Ile fimbo ndefu niliyomchongea kwanza ameitia kwenye kiambaza cha jiko. Kila nikienda kumtembelea hunionyesha.